Kwa Nini Gitaa la Debe Halishiki Sauti

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Dodoma huja na gitaa ambalo mtoto amelitengeneza nyumbani kwa galoni ya bati ya mafuta ya kula, kipande cha ubao na nyuzi za waya, na malalamiko yao huwa ni yale yale: nyuzi zinakazwa asubuhi, na mchana haujafika zimekwisha kulegea. Wengi huulaumu waya, wakanunua mwingine. Mara nyingi waya hauna kosa; kosa liko kwenye shingo.

Uzi uliokazwa huvuta ncha zake zikaribiane, na nguvu hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ubao uliopigiliwa misumari miwili kwenye ukingo wa debe huliachia bati kazi yote ya kuhimili mvuto huo, na kwa kuwa bati ni jembamba, hubonyea kidogo kidogo, ubao ukainama mbele na sauti ikashuka. Chunguza mahali misumari ilipoingia, nawe utaona tundu lililokuwa duara limerefuka kuelekea nyuzi zinakovuta.

Mafundi wa zeze la Kigogo, ambalo hayati Hukwe Zawose alilifikisha kwenye majukwaa ya nchi nyingi, wana dawa ya jambo hili tangu zamani: mti hupenya chombo cha sauti ukatokea upande wa pili, na nyuzi hufungwa kwenye ncha hiyo, hivyo mti ndio unaobeba mvuto, na kibuyu hubaki na kazi ya kukuza sauti tu. Debe nalo litendewe hivyo hivyo. Mpini mkavu wa jembe la zamani unafaa sana.

Kwa nyuzi, waya wa breki ya baiskeli uliochakaa ukifumuliwa hutoa nyuzi nyembamba za chuma. Nailoni ya kuvulia samaki ni laini zaidi kwa vidole vya mtoto, ila huendelea kurefuka kwa muda baada ya kufungwa, kwa hiyo ikazwe tena na tena hadi itulie. Anayetaka kuweka alama za sauti shingoni agawanye urefu wa uzi kwa 17.8: uzi wa milimita 600 hupata alama ya kwanza kwenye milimita 34 hivi kutoka juu, kisha urefu uliobaki hugawanywa vivyo hivyo, na alama ya 12 huangukia katikati kabisa.

Tunawasihi wazazi wasiruhusu kopo lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu au ya mifugo, hata likioshwa, na kingo zilizokatwa zikunjwe ndani kwa nyundo kabla mtoto hajazishika.

Sisi hubadilisha shingo, huchonga vigingi vya kukazia nyuzi na huweka daraja jipya la mti mgumu (kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya debe), huku debe la mtoto likibaki lile lile. Tunaomba mtoto aje mwenyewe, kwa sababu matundu atayatoboa yeye, fundi akiwa pembeni yake.