Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda meli ya kuja Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete wazima, mama yako anakusalimu, na bibi yako kila jioni anauliza umebakisha siku ngapi uje tule Idi. Masika yanaishia, kusi imeshaanza kuvuma usiku, na mie tangu ulipopiga simu juzi usingizi wangu ni wa kukatika katika.

Uliniuliza swali dogo: "Baba, nije na boti ya asubuhi au meli ya usiku?" Nikakujibu harakaharaka, njoo na boti, tukaagana. Baadaye nikajiona sikukutendea haki. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua hii nampa jirani anayevuka kesho. Isome ukiwa umetulia chumbani, usiisome ndani ya daladala ya kutoka Tunguu.

Safari hii watu wanaidharau kwa ufupi wake. Kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hadi bandari ya Mkoani, Pemba, ni kama kilomita 100. Boti ya kasi inakwenda saa mbili mpaka tatu, meli ya usiku unalala ukaamkia Pemba. Mtu anapanda kama anayekwenda mjini Chake Chake. Na nusu ya kwanza inampa haki, kwa sababu chombo kinapita magharibi ya Unguja na kisiwa chenyewe kinakukinga na upepo. Unakiona kisiwa cha Tumbatu, watu wanakula, watoto wanakimbizana. Lakini mnara wa taa wa Nungwi ukishabaki nyuma, umeingia mkondoni. Baina ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba ni kilomita 50 hivi za maji yaliyo wazi, bahari kuu yote ya mashariki inaingilia mlango huo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo hufuatana, wimbi linakuwa refu na linakujia nyuma na ubavuni. Kaskazi ikivuma, vinagongana, na wimbi linasimama fupifupi kama ngazi. Nimeyapita yote mawili, kwa jahazi ujanani na kwa meli ukubwani. Bahari hulala miezi ya tanga mbili, upepo unapogeuka. Idi nayo inafuata mwezi, haingoji upepo.

Ya mwaka 2011 umeyasikia, lakini ulikuwa na miaka mitano, kwa hiyo umeyasikia kama hadithi. Meli ya MV Spice Islander iliondoka Unguja Ijumaa usiku, tarehe 9 Septemba, siku chache baada ya Idi, na wengi waliokuwemo walikuwa Wapemba wenzetu wanarudi kwao. Kiasi cha saa saba usiku ilizama katika mkondo huohuo wa Nungwi. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na juu yao mizigo. Waliopona, wengi waliponea juu ya magodoro yaliyokuwa yakiletwa dukani huku kwetu. Maiti walipelekwa viwanja vya Maisara watambuliwe, na serikali ikatangaza siku tatu za maombolezo. Siku hiyo nilikaa na redio mlangoni, wewe umelala begani kwangu, na kila dakika kadhaa anatokea mtu barabarani anauliza kama jina fulani limetajwa. Majina hayakutosha. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda, wako watoto ambao hakuna karatasi iliyowaandika popote. Hilo ndilo linalonifanya nikusisitizie tiketi yenye jina lako kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari. Ikate dirishani, ofisini kwa wenye chombo. Papasi, hawa madalali wa tiketi, akikufuata pale nje ya bandari akakwambia anayo nafasi ya mtu aliyeghairi, utasafiri kwa jina la mtu mwingine. Sitaki, mwanangu. Chombo kikipata lolote, nataka jina lako liwe juu ya ile karatasi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu ila mama yako.

Unakumbuka alipofariki ami yako? Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa Unguja kwenye shughuli zangu, habari zikanifikia alasiri. Wakaniambia watazika kesho yake saa nne asubuhi, wananingoja mie, ndugu yake tumbo moja. Nikawahi bandarini, nikakata tiketi ya meli ya usiku. Nilifika nyumbani siku ya pili mchana, watu wanakunja mikeka. Nikasema meli ilinipita. Ukanitazama kwa macho yale yako, ukaniuliza, "Kwa nini hukukimbia, baba?" Wakubwa hawakuuliza, ila miaka miwili wapo walionisalimia kwa ncha ya mdomo.

Meli haikunipita. Niliipanda, kisha nikashuka.

Nilipokuwa kijana kwenye majahazi, serahangi mmoja mzee, yaani msimamizi wa mabaharia, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli kubwa alinifundisha kusoma ubavu wa meli. Katikati ya ubavu, juu ya maji, utaona duara limechorwa, na mstari umelikata katikati. Pembeni yake kuna mistari mingine mifupi kama vidato vya ngazi, yenye herufi. S ni ya bahari za kiangazi, W ni ya bahari za baridi, na T ni ya bahari za joto kama hizi zetu, imewekwa juu kidogo ya S. Chombo kikishiba mzigo wake halali, maji yanagusa mstari. Yakiupita, kimezidishiwa. Alama hiyo Waingereza waliilazimisha kwa sheria mwaka 1876, baada ya mbunge wao Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka mingi juu ya mabaharia waliokuwa wakizamishwa na tamaa ya wenye meli. Mzee yule jina la Plimsoll hakulijua, nililipata mwenyewe baadaye. Yeye alisema tu: tazama duara kabla hujatazama kiti.

Usiku ule sikutazama. Nilikuwa nalia, nikapanda moja kwa moja. Ndani nikakuta watu wamekaa ngazini, wengine juu ya magunia ya unga, na magunia yamepangwa mpaka yameziba mlango wa kabati la majaketi ya kujiokolea. Nilijaribu kuufungua. Ulifunguka upana wa vidole vitatu. Nikamuuliza kijana wa meli, akanambia, "Mzee, tutayasogeza tukishaondoka." Nikashuka tena gatini, nikaenda mpaka kwenye taa, nikatafuta duara ubavuni. Nikaliona kwa shida, maji yamelifunika. Nikasema labda ni wimbi linalopita. Nikahesabu. Mawimbi saba yalikuja na kuondoka, na juu ya maji haukutokea hata mstari mmoja. Kengele ikapigwa, kamba zikafunguliwa, meli ikaondoka na begi langu. Nikabaki gatini na kanzu niliyoivaa.

Ile meli ilifika salama. Alfajiri walishuka wote, wazima, na begi langu akaliteremsha mtu anayenijua akalipeleka msibani. Nikazikosa swala na udongo wa kaburi la ndugu yangu kwa ajili ya chombo kilichofika salama. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii, mwanangu, nimelipindua kila upande, na nikirudishwa pale gatini leo nitashuka tena. Kule kufika kwake hakukuyaondoa magunia mlangoni. Na sikukwambia wakati ule kwa sababu niliona haya, nikidhani mtoto ataona baba yake ni mwoga. Leo wewe ndiye unayepanda, haya yangu naiweka kando.

Kwa hiyo unaponiuliza boti au meli, jibu langu bado ni boti ya asubuhi, lakini sababu uzijue. Meli kubwa ni nzito, hairushwi sana, na wenye kutapika wataisifu. Mie napenda mchana kwa kuwa mchana mtu anaonekana majini. Lakini mchana peke yake usiuamini. Tarehe 18 Julai 2012, mwaka haujatimia tangu msiba wa kwanza, boti ya MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe mchana, ikitoka Dar es Salaam, katika upepo mkali wa kusi. Boti ile ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa kuvusha watu kwenye maji ya ndani kule jimbo la Washington, maji yaliyozungukwa na nchi. Ililetwa kwetu ikakutana na bahari isiyokuwa yake. Tangu hapo kila nikisikia chombo kipya kimekuja, nauliza kwanza kilikuwa kikifanya kazi maji gani. Serikali ilipoleta MV Mapinduzi II kutoka Korea Kusini mwaka 2015, meli mpya ya abiria 1,200, nilikwenda kuitazama bandarini kama mtu anayekwenda kumuona mtoto mchanga.

Ukifika Malindi, wahi. Kaa pembeni kidogo utazame wanavyopakia. Wakihesabu watu mlangoni, na tiketi moja inaingiza mtu mmoja, hiyo ni dalili njema. Mizigo mizito ikiwekwa chini na ikafungwa, nayo njema. Chombo kikisimama kimelalia upande na bado kimefungwa gatini, usijiambie kitakaa sawa kikiondoka. Duara ubavuni unalijua sasa. Ukishaingia, kabla ya kutafuta dirisha la kupigia picha, nyanyua mkono ulishike jaketi. Lione, lishike, ujue mkanda wake unafungwaje. Kiti chukua cha chini, nyuma ya katikati, hapo chombo kinacheza kidogo. Wenzako watakimbilia mbele kwa ajili ya kuona mbali. Waache, watarudi wenyewe mkifika Nungwi. Kula mkate mkavu asubuhi, urojo uache mpaka ufike, na uwe na kipande cha ndimu cha kunusa.

Rafiki yako akikwambia ipo mashua ya bei nafuu inayovuka usiku, huyo usimjibu hata neno.

Na sasa lile ninalolitaka hasa. Najua utafika bandarini siku moja au mbili kabla ya Idi, na bandari itakuwa imejaa. Najua umeshamnunulia bibi yako kanga, na mama yako anahesabu sahani. Ukiona kitu hakikukai moyoni, geuka. Usimwangalie usoni yule kijana wa mlangoni, usisikilize nyuma wanasemaje, na usifikirie pesa ya tiketi. Pesa nitakurudishia. Usitafute sababu ya kunieleza. Niandikie ujumbe neno moja tu, "nimebaki," nami sitakuuliza ulichokiona. Mama yako nimeshazungumza naye. Alinyamaza kitambo, kisha akasema basi Idi tutaila siku utakayofika. Bibi yako hatujamwambia, lakini yeye aliolewa na baharia, atafahamu kuliko sote.

Siku hiyo nitakuja Mkoani mapema na pikipiki. Pale juu ya gati pana kivuli, unakiona kisiwa cha Makoongwe chote na vyombo vikizunguka kuingia. Nitakaa hapo. Ukiwemo, utaniona kabla sijakuona, nitavaa kofia yangu ileile. Ukiwa hukushuka na simu yangu ina lile neno moja, nitakunywa kahawa yangu, nitapanda pikipiki nirudi, na nitamwambia mama yako afunike sufuria.

Nikuletee jaketi langu zito? Asubuhi kusi inaleta baridi. Basi nitakuja nalo.

Wassalaam,
Baba yako