Tuwe na njia ya kuripoti dawa za kulevya kimyakimya

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kuhusu vita dhidi ya dawa za kulevya. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, na ni jambo la kupongezwa. Lakini kupiga simu kunahitaji sauti. Mtaani kwetu Temeke, kuta za vyumba vingi vya kupanga hazifiki juu. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Mama anayeona kete zikipokezanwa uchochoroni, na malipo yakiingia kwa simu papo hapo, atasemaje kwa sauti ilhali muuzaji ni mpangaji mwenzake?

Naishauri serikali iweke menyu ya nyota na reli, ifanye kazi hata kwenye kitochi bila bando. Mtu achague wilaya na kata, aandike alichokiona, na namba yake isionekane kwa anayepokea. Kampuni za simu zisitoze chochote. Menyu hiyo hiyo imwelekeze mzazi kliniki iliyo karibu inayotoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, maana wengi wanaovuta ni watoto wetu wenyewe, na wanahitaji tiba kabla ya pingu.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam