Barua ya kufunga muhula wa pili: watoto wanaonyamaza darasani

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu kutoka shuleni. Muhula umekwisha salama. Tarehe ya kufungua na salio la karo vimeandikwa nyuma ya ripoti. Mimi nina jambo moja.

Katika ripoti nyingi za darasa la tano na la sita, mwalimu wa Kiingereza au Kiswahili ameandika: "Hashiriki mazungumzo." Tafadhali msisome hapo kwamba mtoto ni mvivu au hana akili. Muhula huu nimekaa nyuma ya darasa mara kadhaa. Yupo binti anayeandika insha safi kabisa, lakini akiambiwa asimame asome, sauti inakauka, daftari linatetemeka mkononi, na maneno anayoyajua yanamponyoka. Akishaketi, anamnong'oneza jirani yake jibu sahihi.

Hofu hii imechunguzwa. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake huko Marekani walitunga hojaji ya kauli 33 ya kuipima, wakaieleza kwa mambo matatu: kuogopa kuzungumza, kuogopa mtihani, na kuogopa watu watakuonaje. Mtoto wa namna hiyo anafanya kazi mbili kwa pamoja: anatafuta neno, na huku anawaza watakavyomcheka. Lugha inabakiwa na nusu ya akili yake. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba ugumu wa lugha ndio unaotangulia, hofu ikafuata. Kwa niliyoyaona darasani, vyote viwili hutokea na hulishana.

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtoto hutoka nyumbani na Kisamia au Kiteso, Kiswahili anakisikia mpakani, na kufikia darasa la nne masomo yanahamia Kiingereza. Mzigo huo hawaubebi sawasawa. Mmoja anasema tu, anakosea, anacheka, anaendelea. Mwenzake hafungui mdomo mpaka awe na hakika. Wote wawili wanajifunza.

Nasi shuleni tulikosea. Kwa miaka tulimvisha kibao shingoni mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya kwao. Wengine waliona heri wanyamaze kutwa nzima kuliko kukivaa. Tumekiondoa, na ninajuta kuchelewa.

Likizo hii, msimwite mtoto mbele ya wageni aonyeshe Kiingereza chake, wala msimpime kwa dada yake. Akikosea, mwacheni amalize, kisha mjibuni mkitumia neno lililo sahihi. Mtumeni sokoni akapatane bei kwa Kiswahili na wachuuzi wa upande wa Kenya. Kule hakuna anayempa alama.

Muhula ujao kila mtoto atazungumza kwanza na mwenzake mmoja kabla ya kusimama mbele ya darasa, na maswali ya kusoma kwa sauti atayapata siku moja kabla. Kama wako huumwa tumbo kila asubuhi yenye kipindi cha lugha, njoo ofisini kwangu juma la kwanza, hata bila miadi. Njoo naye.

Wenu,
Mwalimu Mkuu