Mrija wa Bi Mkubwa

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai nyote hapo Malindi hamjambo. Huku kwetu ni wazima, alhamdulillah, ila kaskazi imeingia na joto lake na watoto hawakai ndani, mchana kutwa wako baharini.

Ujumbe wako nimeupata. Wasema macho ya Bi Mkubwa yamerudi kuwa manjano, daktari ameandika aende Nairobi akafanyiwe ERCP, yaani kutazamwa na kutibiwa mrija wa nyongo kwa mpira wenye kamera, na kaka zako hawataki mtu mzima kama yule atiwe mpira tumboni. Basi nikwambie ya kwangu, maana Babake Athman ameshaingia chumba kile mara kadhaa, na wa kukaa nje kwenye benchi nilikuwa mimi.

Yeye alitolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe, na baadaye mrija wa nyongo, ule unaotoka kwenye ini kwenda mwanzo wa utumbo mdogo, ukafanya kovu ukabana. Nyongo ikikosa pa kupita hurudi kwenye damu. Ndipo mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, choo kikawa cheupe, na muwasho ukaanza. Zuhura, muwasho ule simtakii hata adui. Usiku alijikuna mgongo kwa kitana mpaka asubuhi shuka lina madoa ya damu. Watu wakatuletea mwarobaini, wakatuletea na shubiri. Sizibezi dawa za wazee, lakini kovu lililobana mrija halifunguki kwa kunywa vitu vichungu.

Sasa huo mpira. Waambie kaka zako tumbo halipasuliwi. Mgonjwa anakaa bila kula saa 6 hadi 8, anachomwa dawa ya usingizi, kisha mpira wenye kamera unapitishwa mdomoni mpaka pale mrija wa nyongo unapofungukia utumboni. Kamera yenyewe iko ubavuni, si nchani, kwa sababu kile kitundu kiko kwenye ukuta wa utumbo. Daktari anaingiza waya mwembamba, anatia dawa inayoonekana kwa eksirei, na kwenye skrini anaona palipobana. Hapo hukikata kitundu kidogo mawe yapate kutoka, au hupanua penye kovu kwa kiputo, kisha huacha humo kijimrija cha plastiki ili nyongo ipite. Si mambo ya jana haya. Kukata kwa njia hiyo kulianza Ujerumani na Japani mwaka 1974. Kabla yake mwenye mawe kwenye mrija alikuwa ni wa kisu tu.

Hatari ipo, sikufichi. Kongosho ni jirani wa mlango mmoja na nyongo, na likiguswa huweza kuvimba. Katika watu 100, huwapata kama 3 hadi 10. Wengi hupona kwa siku chache za kulazwa na kutundikiwa maji, wachache huzidiwa. Kuna dawa ya kuwekwa njia ya haja kubwa inayopunguza hatari hiyo, iulizeni bila haya. Na kama Bi Mkubwa anameza vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, au vya sukari, daktari ajue mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Lakini lililonifanya nikae kuandika ni hicho kijimrija. Baada ya kuwekewa, muwasho ulimwisha Babake Athman, macho yakawa meupe, akaanza kuulizia samaki wa kupaka. Akaniambia amepona, safari ya Nairobi ya nini tena? Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni, na nauli zote hizo. Nikambishia mpaka akachoka. Siku waliyomtoa ule wa kwanza, muuguzi alinionyesha kwenye bakuli la chuma: kijitu cha buluu, urefu kama sentimita 7, upana milimita 3 hivi, na tundu lake limejaa tope jeusi. Ungedhani umekaa humo miaka, kumbe ni miezi mitatu, ndio muda wake wa kawaida. Ukiachwa unaziba, nyongo inasimama, vijidudu vinaingia.

Kwa kovu kama lake wanabadilisha na kuongeza, kijimrija kando ya kijimrija, muda wa kama mwaka, hadi mrija wenyewe ukae wazi. Ipo pia ya chuma iliyofunikwa, hiyo hukaa zaidi, na bei yake nayo si ya plastiki. Kwa hiyo msitafute pesa za safari moja. Ulizeni tangu mwanzo safari ni ngapi, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kipi kati ya hivyo, idhini iombwe kabla ya kupanda gari. Karatasi ya tarehe ya kutoa niliibandika kwenye mlango wa friji, na nakala akawa nayo Athman kwenye simu, maana babake angeipoteza kwa makusudi.

Na akishika homa ya kutetemeka, macho yakirudi manjano au akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, nendeni hospitali usiku huo huo. Msingoje Jumatatu, wala tarehe ya Nairobi.

Malazi yasikupe shida. Wifi yangu anakaa South C na chumba kipo, nimeshamwambia. Nitumie siku ya miadi nimpigie, na unijulishe kama Bi Mkubwa anaweza ngazi, kwa sababu anakaa ghorofa ya tatu.

Wasalaam,
Shogako Khadija