Mwanangu, picha kwanza, kioo baadaye

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Nimepata ujumbe wako kwamba wale mafundi wa fremu za picha wa Mwenge, Dar es Salaam, wamekubali kukaa nawe siku mbili, uwaonyeshe namna ya kupiga picha kazi zao na kuzirekebisha kwenye simu. Umeuliza uanze na nini. Anza na shikamoo, maana wengi wao ni rika langu, halafu habari za kamera ziweke kando kwa saa nzima ya kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu jicho wanalo. Mtu anayekata pembe za nyuzi 45 kila siku huiona kona iliyoachia nusu milimita akiwa bado mlangoni. Kinachowaponza ni wakati wanaochagua. Fremu imeshafungwa, kioo kimeingia, karatasi ya nyuma imegundishwa, bodaboda anapiga honi nje; hapo ndipo simu inatolewa mfukoni. Matokeo ni picha yenye mlango, taa ya tube ya darini na fundi mwenyewe ameshika simu. Kwa hiyo somo lako kubwa ni la karakana kuliko la simu: kupiga picha kuwe hatua mojawapo ya kazi, baada ya picha na maunti (ile kadi nene yenye dirisha inayoizunguka picha) kukaa ndani ya fremu na kabla ya kioo kuingia. Wakilikubali hilo tu, nusu ya marekebisho uliyopanga kuwafundisha siku ya pili hayatahitajika.

Utaratibu wenyewe hauchukui dakika kumi. Gundi ya kona ikishakauka, ingiza maunti na picha, funika na hadibodi (ubao mwembamba wa mgongoni), kisha shikiza kwa pini nne zisizozamishwa hadi mwisho ili zitoke kirahisi. Kioo cha kawaida kina unene wa milimita 2. Kwa kuwa hakipo, vitu vya ndani vitachezacheza na maunti itabonyea katikati. Jaza nafasi hiyo kwa vipande vya kadi nyuma ya hadibodi, maunti ilale bapa. Puliza vumbi litoke, piga picha, ndipo utoe pini na kufunga kazi rasmi na kioo chake. Mteja hatajua kwamba kioo hakikuwepo, na wala hajadanganywa, maana anachotaka kukiona ni picha yake, rangi ya maunti na mbao.

Kuna kazi zitakazokuja zimeshafungwa, kwa hiyo waeleze kioo kinavyofanya. Kila uso wa kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, na kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo karibu asilimia 8 inarudi kwa mpigaji. Inaonekana ndogo, lakini koti jeusi la bwana harusi kwenye picha nalo hurudisha mwanga kidogo tu, ndiyo maana shati lako jeupe hukaa juu ya koti lake. Dawa ni kuweka giza nyuma ya simu. Tafuta kitambaa cheusi kisichong'aa, mita 1.5 kwa 2 kinatosha, kitoboe tundu la lenzi, vijana wawili wakishike na simu ichungulie tundu hilo. Mwanga uje kutoka pembeni, kama nyuzi 45, kwa sababu unapogonga kioo hutokea upande wa pili kwa pembe ileile na hauirudii lenzi. Mwanga wa kutoka nyuma ya mpigaji hurudi moja kwa moja. Flashi izimwe kabisa.

Atakuwepo mmoja wa kuuliza habari za kile kichujio cha polaraiza, cha kupunguza mng'ao, kinachouzwa madukani. Mwambie ukweli: kichujio kikiwa kwenye lenzi peke yake hakisaidii kitu unapopiga kioo ukiwa umekikabili sawasawa. Nguvu yake iko kwenye kioo kinachotazamwa kwa mshazari, karibu nyuzi 56 kutoka mstari wa kukikabili kioo sawasawa, na hakuna anayepiga fremu nzima kwa mshazari namna hiyo. Pesa hiyo anunue kitambaa.

Mwanga bora wanao bure: kibaraza chenye kivuli au mlango wa karakana usioingiza jua. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, au kuanzia saa tisa alasiri, kunafaa. Fremu itundikwe kwenye ukuta ulio ubavuni mwa mlango ili mwanga uingie kwa upande. Upande wa mbali na mlango utakuwa na giza. Hapo chukua kipande cheupe cha maunti kilichobaki kwenye ukataji, kiwe kipana angalau kama fremu yenyewe, ukisimamishe upande huo wa giza nje kidogo ya picha. Sogeza mbele na nyuma hadi pande zote zilingane. Na taa za ndani zizimwe zote. Ukichanganya taa ya njano na mwanga wa mchana, upande mmoja wa maunti utakuwa njano na mwingine buluu, na hakuna programu ya simu itakayonyoosha zote mbili kwa mguso mmoja.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba kinachofaa kioo huiua dhahabu. Fremu ya rangi ya dhahabu haina mwanga wake, huonyesha kilicho mbele yake. Ukiizungushia kitambaa cheusi, inageuka kahawia iliyokufa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupiga kabla ya kioo: kitambaa kinaondoka, na unaweka maunti nyeupe kushoto na kulia hadi dhahabu iamke. Kama kioo kimeshaingia, weusi ubaki nyuma ya simu pekee na weupe ukae pembeni. Fremu nyeusi nayo ina kero yake, kila chembe ya unga wa mbao hutokea kama nyota. Tumia brashi laini. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu kwa nguvu, hasa palipo na akriliki, unaizidishia umeme tuli na vumbi linakimbilia kukaa.

Hapo Mwenge utakutana pia na michoro ya tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli, na hadi leo wengi wanafuata rangi za namna hiyo. Haiwekewi kioo mara nyingi, na mafundi watadhani haina shida. Rangi hiyo hung'aa kama kioo, na mistari ya brashi iliyoinuka hushika vimeta vidogovidogo. Itendee kama kazi yenye kioo: giza nyuma ya simu, mwanga wa pembeni ulio laini.

Sasa unyoofu, na hapa ndipo watakapokupenda, kwa kuwa ni lugha yao. Lenzi ikae urefu sawa na kitovu cha fremu. Fremu ikiwa imeegemezwa ukutani, simu nayo ilale kwa pembe hiyohiyo. Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Kuna hila moja ya zamani ya wapiga picha za michoro: kishikilie kioo kidogo cha kujitazamia, kikiwa bapa, katikati ya picha, ukiiona lenzi yako katikati ya kioo hicho, umesimama sawasawa. Penye kioo cha fremu huhitaji hata hicho, tafuta taswira ya lenzi ndani ya kioo, ipeleke katikati, ndipo uvute kitambaa kikae mahali pake. Upande wa juu wa fremu ukionekana mfupi kuliko wa chini, simu imeinamia nyuma. Wape skwea, kile kipimo chao cha pembe, waipime kwenye skrini, watacheka lakini hawatasahau.

Kwa fremu ya sentimita 50 kwa 70, wasimame kama mita 2. Wasitumie ile lenzi pana inayoandikwa 0.5, huzivuta kona na kuzipinda pande kama pipa. Simu yenye lenzi inayoandikwa 2 itumie hiyo. Simu yenye lenzi moja ibaki hapohapo mita 2, kingo zikatwe baadaye. Kabla ya yote lenzi ifutwe kwa pamba safi, maana karakana imejaa unga wa mbao na vidole vina gundi, na ukungu wanaoulaumu ubovu wa simu mara nyingi ni uchafu tu. Simu ifungwe kwa klampu kwenye kipande cha mbao juu ya stuli (klampu wanazo tele, hawana haja ya stendi), kisha kamera iwekewe kuchelewa sekunde 3 ili kidole kisitikise.

Mwangaza ndio utakaowasumbua zaidi. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Maunti nyeupe pana ikijaa kwenye picha, simu inaipunguza hadi inakuwa ya majivu; fremu nyeusi ikijaa, simu inaipandisha hadi weusi unafifia. Wabonyeze na kushikilia katikati ya picha hadi kamera ishikilie ulengaji na mwangaza wake, kisha wateleze kidole juu kwa maunti nyeupe, chini kwa fremu nyeusi. Wasimame pale weupe unapokuwa mweupe na bado mkato wa mshazari wa maunti unaonekana. Mkato huo ukipotea, mwangaza umezidi, na kilichoungua hivyo hakirudi hata kwa programu. Zima pia urembo wa kulainisha ngozi na nyongeza za akili bandia za kamera. Hizo huifuta mishipa ya mbao, na kwenye maandishi ya Kiarabu yaliyochorwa kwa mkono zinaweza kunoa kingo hadi wino uonekane umechapishwa.

Kila kazi ipigwe nzima kwa mbele, kona moja kwa karibu, unene wa ubavu, na mgongo. Mgongo wengi huuruka, nami naona ndio unaouza: mteja anayejua atatazama kamba ilivyofungwa, pini zilivyopangika na karatasi ilivyonyooka. Ya kona wasisogee chini ya sentimita 15, simu nyingi hazilengi vizuri hapo. Warudi nyuma na kukata kingo. Kamera ndogo ya karibu iliyo kwenye simu za bei nafuu waisahau.

Kwenye marekebisho, programu ya Snapseed inatosha, ni ya bure na simu ndogo zinaibeba. Kwanza wanyooshe pande kwa kifaa cha mtazamo (Perspective), halafu wakate kingo. Hapo kuna mtego: ukivuta kona sana, fremu hurefuka au kufupika bila wewe kujua. Wakague kwa hesabu. Picha ya 40 kwa 50, mbao ya upana wa sentimita 3 yenye ngazi ya nusu sentimita inayoifunika picha, inatoa fremu ya nje ya 45 kwa 55. Kwa hiyo ikiwa upana kwenye faili ni pikseli 1800, urefu uwe karibu 2200. Ukipata 2400, wamevuta kupita kiasi. Heri kupiga upya.

Halafu rangi. Kidude cha kuchagua weupe kisiguswe juu ya maunti ya rangi ya krimu, kitaifuta krimu na picha nzima itaingia buluu. Karatasi ya A4 nayo si mwamuzi mzuri, ina dawa ya kuing'arisha inayoifanya ya buluu kidogo mchana, na ukiichagua, picha inageuka njano. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ndiyo sahihi. Isipokuwepo, wachague kipande kimoja cha maunti nyeupe kabisa, kikae kwenye droo, kiwekwe pembeni ya fremu kila mara na kukatwa mwishoni. Ukolezaji wa rangi wasiuguse. Mninga ukiukoleza unakuwa chungwa, mteja anaagiza chungwa, anapelekewa mninga, ugomvi unaanza. Noa kidogo tu. Vumbi wafute kwa kifaa cha kuponya (Healing), lakini kona iliyoachia isifutwe kwenye simu, ikazibwe mezani.

Jambo la picha za watu walitaje mapema. Harusi na picha za marehemu ni mali ya familia, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mteja aombwe ruhusa, au kabla ya kuingiza picha yake wapige fremu ikiwa na mchoro wa mfano. Kazi ya msanii itajwe na jina lake.

Wakituma kwa WhatsApp watume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na mishipa ya mbao inakuwa matope. Kwa Instagram, pikseli 1080 kwa 1350 inafaa, na waache nafasi ya ukuta pande zote ili hata ikikatwa kingo kona zibaki.

Siku ya kwanza wagawe watatuwatatu, mmoja ashike maunti nyeupe, mmoja kitambaa, mmoja simu, kisha wabadilishane. Fremu iwe moja kwa wote, ipigwe na kioo, kisha bila kioo, picha zote ziwekwe kwenye simu moja wazitazame pamoja. Usiwaambie ipi nzuri. Snapseed ipakuliwe usiku wa kuamkia siku ya pili, mtandao wa pale mchana si wa kutegemea. Kitambaa changu cheusi nitampa binamu yako akuletee Ijumaa, tundu limeshatobolewa.

Ni mimi,
Mama yako