Usimkate mjukuu wangu kimeo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nimezima na redio. Kikohozi cha mtoto nimekisikia kwa nyuma, na wifi yako nimemsikia pia: "Kesho mpeleke kwa yule mzee, kimeo hicho." Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungeniitikia "sawa mama, sawa mama," halafu mavyaa yako akikukazia macho unamfunga mtoto mgongoni na kutoka. Barua huwezi kuikata katikati, na ukitaka msomee na yeye.

Kwanza nikwambie nililokuficha. Kaka yako Bakari alikatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Alikuwa na mwaka na nusu, wiki nzima anakohoa, usiku hatulali. Mimi nilikuwa na miaka 22, sijui hili wala lile. Bibi yenu mzaa baba akasema twende, tukaenda. Mtu yule akamkandamiza ulimi kwa kijiko, akaingiza chuma kilichopinda, kazi ikaisha kabla sijamaliza kusema bismillahi. Jioni mtoto alikuwa anatoa mate yenye wekundu kidogo tu, nikajipa moyo. Kumbe damu alikuwa anaimeza. Saa nne usiku akatapika, kanga yangu yote ikalowa. Baba yako alimpakia kwenye baiskeli, mimi nakimbia nyuma peku, hadi hospitali.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mtoto alikuwa anakohoa kwa sababu ya kimeo, au kimeo kilikuwa chekundu kwa sababu anakohoa. Sikuwa na la kujibu. Jibu nilikuja kulipata chuo cha ualimu, miaka mingi baadaye.

Unayakumbuka yale mapupu ya mbuzi? Kila mwaka nilikuwa nayanunua buchani pamoja na koo lake, nayapeleka darasani kwenye ndoo, nachomeka pampu ya baiskeli. Yalivyokuwa yakivimba, watoto walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja. Pale ndipo nilipokuwa nawaonyesha koo la hewa, lina pingili ngumu ili lisibonyee, lakini kwa nyuma pingili ziko wazi, maana umio umeegemea hapo na tonge linahitaji nafasi ya kupita. Bomba hilo linagawanyika mawili, kila moja mawili tena, na tena, kama mara 23, mpaka kwenye vifuko vya hewa vyenye ukuta mwembamba kupita karatasi. Hapo oksijeni inaingia kwenye damu na hewa chafu inatoka. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni. Kwa mtu mzima ukivitandaza vyote unapata kama mita za mraba 70, yaani darasa langu zima na baraza lake.

Sasa fikiria, sakafu pana hivyo iko wazi kwa kila vumbi na kila kidudu. Inafagiliwaje? Njia za hewa zina kamasi linalonasa uchafu, na chini ya kamasi kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinapiga kwa pamoja zaidi ya mara kumi kwa sekunde, kamasi linapanda kidogo kidogo mpaka kooni. Ni kama wavuvi wanaovuta kokoro pale Sahare (najua limepigwa marufuku, lakini umeliona), ila hawa hawaimbi. Likifika kooni tunalimeza bila kujua. Likizidi, ndipo kikohozi kinapoingia kazini: kifua kinajaa hewa, koo linajifunga, misuli ya tumbo inasukuma, koo linafunguka ghafla. Mtoto anayekohoa anafagia nyumba yake.

Na kimeo? Kimeo wanakisingizia. Ukimeza, kinanyanyuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya puani, uji usipande juu. Pia kinalainisha koo. Mtoto akipata mafua mtaa mzima wa koo unakuwa mwekundu, ila ukimfungua mdomo kinachoning'inia mbele ya macho ni hicho kimoja, basi kesi inakiangukia. Vijana nao simu mbovu wanaiita kimeo. Maskini, hata jina lake limeharibiwa.

Pembeni yake kuna findo mbili, hizo ni kambi za askari. Virusi vikiingia, wa kwanza kufika ni chembe nyeupe za damu zinazomeza adui bila kuuliza jina. Kamasi likigeuka kijani msishtuke, mara nyingi ile rangi ni ya chembe hizo zikiwa kazini, wala haina maana kwamba lazima apewe antibayotiki. Baada yao wanakuja wenye kulenga, wanaotengeneza kingamwili za adui huyo huyo. Hao kwa adui mpya huchukua kama wiki, lakini akirudi wanamkumbuka. Chanjo alizopata mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni namna ya kuwaonyesha sura ya adui mapema. Mafua yana sura nyingi mno, ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kuyapata mara sita hadi nane kwa mwaka. Na wako ana miezi kumi, kingamwili ulizompa tumboni zimeshakwisha. Sasa anajijengea zake.

Halafu angalia ujanja wa mambo. Mama anampeleka mtoto kukatwa siku ya nane, akishachoka. Siku ya kumi kikohozi kinaanza kupungua, kama ambavyo kingepungua. Sifa anapewa mkataji.

Cha kufanya ni hiki. Mnyonyeshe kila anapotaka, msafishe pua, jiko la mkaa litoke chumbani. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, hata mavyaa yako akiapa. Akiwa ametulia, halii, mfunue kifua uhesabu anavyopumua kwa dakika moja kamili. Ikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, au akakataa ziwa, au akashtuka degedege, nenda hospitali wakati huo huo, usinisubiri mimi wala mume wako. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda hata kama anacheza.

Nimekutumia machungwa ya Muheza kwa basi la kesho, kapokee. Mavyaa yako mpe salamu, na simu yake iwe wazi Ijumaa baada ya swala, nataka kuzungumza naye mimi mwenyewe, mzazi kwa mzazi.

Jambo la mwisho. Bakari mwenyewe hajui. Unakumbuka tangu utotoni akinywa maji kwa pupa yanamtokea puani, na sote tunamcheka? Msimcheke tena. Na usimwambie, nitamwambia mimi akija Idi.

Mama yako