Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mtama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima, Hombolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na kijiji,
Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Hombolo,
Wakulima wenzetu, mbukwenyi!

Karibu sana Hombolo. Tunakushukuru kwa kukubali kuingia shambani na jua hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunalima mtama mweupe, na sehemu kubwa ya mavuno tunawauzia watengeneza bia. Bia hiyo ina kiungo kingine ambacho hapa hakioti: hopsi, maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba ndefu, yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwa kawaida mmea huo hulimwa penye majira ya baridi ya kuulaza usingizi na mchana mrefu wakati wa kukua. Kwetu Dodoma mchana haurefuki kiasi hicho, na baridi yetu ya Julai ni ya kuvalia sweta tu.

Tunautaja kwa sababu na wakulima wake wamebanwa na hali ya hewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba hopsi za Ulaya sasa zinakomaa takribani siku 20 mapema kuliko kabla ya mwaka 1994, na kwamba ifikapo 2050 kiini cha uchungu wake kinaweza kupungua kwa asilimia 20 hadi 31. Lakini Wajerumani wana kituo cha utafiti wa hopsi pale Hüll tangu mwaka 1926. Kupata aina moja mpya huchukua miaka kumi na zaidi, na fedha haziwezi kukatwa katikati. Afrika Kusini nao, maeneo ya George, walizalisha aina zao zinazovumilia mchana mfupi.

Hapa nchini nako kazi imefanyika. Mwaka 2002 zilitoka mbegu za mtama za Hakika na Wahi, zinazostahimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, na waliokuwa wamekata tamaa na mashamba yao wanajua thamani yake. Matatizo yetu sasa ni mawili kwa pamoja. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikatika Februari hukuta mtama haujajaza punje. Halafu mnunuzi anataka punje nyeupe isiyo na uchungu, na kweleakwelea anataka hiyo hiyo! Mtama mwekundu ndege wanauogopa, lakini kiwandani haupokelewi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba mbegu inayotafutwa ijaribiwe katika mashamba yetu, na akina mama wanaoamia ndege waulizwe kabla haijaidhinishwa. Tunaomba bajeti ya kituo iwe ya miaka mingi, kwa kuwa mbegu haizaliwi kwa mwaka wa fedha. Na mbegu bora ifike madukani kabla ya Desemba. Ikija Januari tunakuwa tumeshapanda tuliyoihifadhi ghalani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi